Mahari ya Laptopu ya Gemu

Koboko

Kwa mkwe wangu mtarajiwa, Mzee Shafiki, Arua.

Assalamu aleikum wa rahmatullah.

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, wewe na nyumba yako yote. Sisi huku Koboko ni wazima wa mwili. Kuhusu afya ya akili, tafadhali endelea kusoma.

Nakuandikia kwa heshima zote, nikiwa nimeshakunywa chai, kwa sababu mke wangu Hawah alinikataza kushika kalamu kabla ya chai. Nimemwomba pia jirani yetu, mwalimu wa Kiswahili, anikagulie sarufi, ili ndani ya barua hii pasiwe na makosa isipokuwa yale ninayoyalalamikia. Nayo yanahusu mahari ya binti yako Sadiya, ambaye mwanangu Khemis anatarajia kumuoa, Mungu akipenda na umeme ukiruhusu.

Utakumbuka siku tulipokuja kwako kuposa. Tulikuja tumejiandaa. Tulikuwa tayari kwa bangili za dhahabu, kwa kitanda na kabati lake, kwa cherehani. Ndugu yangu alikuwa tayari hata kwa jokofu. Zuhurah, shangazi yake Sadiya, akaingia chumba cha ndani kumuuliza bibi harusi anataka mahari gani, akakaa huko kitambo, kisha akatoka na kusimama mlangoni akitazama vidole vya miguu yake.

"Anasema anataka laptopu ya gemu."

Sheikh wenu akakohoa, akauliza kwa upole, "Laptopu ya masomo?"

Zuhurah akarudi ndani. Akatoka tena. "Anasema hapana. Ya kufundishia shuleni anayo. Hii ni ya kuchezea gemu."

Wewe ulitazama dari. Mimi nilimtazama Khemis, naye alikuwa anatabasamu peke yake kama mtu aliyepokea habari njema kwenye simu. Ndipo sheikh akatamka kwamba mahari ni haki ya mwanamke, na chochote chenye thamani kisicho haramu kinafaa. Tukafunga kwa dua na pilau. Tangu siku hiyo sijapata usingizi wa kueleweka, na malalamiko yangu ni haya.

La kwanza ni ukweli wa binti yako. Mzee Shafiki, nani alimlea mtoto huyu? Sheikh mwenyewe alimfungulia mlango. Alitakiwa kusema neno moja tu, masomo, na sisi sote tulikuwa tayari kuliamini kwa moyo mkunjufu. Mji umejaa vijana walionunuliwa vitu kwa jina la masomo, na wazazi wao wanalala vizuri. Simu zote za nyumbani kwangu ni za masomo, ikiwemo ile inayopiga muziki hadi majirani wanagonga ukuta. Binti yako peke yake ndiye aliyekataa kutudanganya, na matokeo yake ni kwamba mimi, mtu mwenye ndevu nyeupe, nikiulizwa sokoni natafuta nini, inabidi niseme natafuta laptopu ya gemu. Watu wananiuliza kama ni ya kwangu.

La pili ni huruma yake. Siku chache baadaye Zuhurah alinipigia simu kunieleza masharti. "Sadiya anasema baba asijiumize. Isizidi bei ya fahali mmoja. Ya mtumba inafaa. Rangi yoyote." Sasa fikiria mwenyewe. Angetaka mashine ya bei ya nyumba, ningekataa kwa heshima na watu wote wangenihurumia. Lakini ameomba kitu kinachowezekana, na kitu kinachowezekana hakina mlango wa kutokea. Masharti yenyewe yalikuwa matatu: iwe na kadi yake ya picha, yaani kile kifaa cha ndani kinachofanya gemu iende bila kukwama, memori isipungue gigabaiti kumi na sita, na feni zipumue vizuri. Basi. Mbuzi wa Idd ana masharti mengi kuliko hayo.

La tatu linahusu biashara hii ya laptopu kwa jumla, na hapa naomba uvumilivu wako. Mimi nimenunua ng'ombe tangu ujana wangu. Ng'ombe unamfungua mdomo, unahesabu meno, unamshika masikio, unamtembeza. Hata muuzaji akiwa mwongo, ng'ombe hasemi uongo. Laptopu haina meno. Khemis, ambaye kazi yake ni kufunga sola na anajua mambo ya waya, alinisihi nimsubiri arudi kutoka kazini Logiri. Nilimwambia kwamba mimi sijawahi kusindikizwa mnadani na sitaanza uzeeni. Nikapanda gari peke yangu mpaka Arua, nikaingia duka la kijana mmoja anayeitwa Pitia.

Pitia alinikalisha kwenye kiti. Akanipa soda. Akafungua mashine ambayo kibodi yake iliwaka nyekundu, ikageuka bluu, ikageuka kijani, kama ukumbi wa harusi. Mfunikoni ilikuwa na stika ya joka.

Nilimuuliza kuhusu kadi ya picha, kama nilivyofundishwa.

"Mzee, kadi iko," akasema. "Iko ndani. Hii iko na kila kitu. Angalia, hata taa iko."

Nikaangalia, na kweli taa ilikuwepo. Nikaibeba mashine ile mpaka Koboko nikiwa nimeipakata kama mtoto mchanga. Majirani walikuja kuitazama. Hawah aliifunika kwa kitambaa alichokuwa amekitunza kwa ajili ya sherehe. Khemis aliporudi aliiwasha, akaibonyeza mara mbili tatu, akasema, "Baba, ngoja kidogo." Sikungoja. Jumamosi nikaja nayo kwako.

Ulikuwepo, kwa hiyo sitakusimulia sana. Sadiya aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akashukuru. Akaweka gemu yake ya mpira. Wachezaji wakatoka uwanjani wakitembea kama watu waliotoka msibani. Mmoja akainua mguu kupiga penalti na mguu ukabaki juu. Tulisubiri. Wewe ulisema labda anamwomba Mungu kwanza. Kisha Sadiya akaigeuza mashine, akaiwekea ukucha ile stika ya joka, akaibandua polepole, na chini yake ikatokea stika nyingine ndogo, yenye namba na maneno MALI YA OFISI, CHUMBA CHA UHASIBU.

"Baba, hii ni ya ofisi," akasema. "Wamekubandikia joka."

Lalamiko la nne: hakucheka. Angecheka ningekasirika, ningekasirika ningevunja uchumba, na leo ningekuwa nimelala. Badala yake aliondoka kwenda kuniletea juisi ya karkade yenye barafu, akaniuliza kama mgongo wangu umepona. Mtu anapigana vipi na watu wa aina hiyo?

La tano ni kwamba alinirudisha kwa Pitia yeye mwenyewe. Nilitaka kwenda kupiga kelele, kwa sababu kupiga kelele ni kitu ninachokiweza. Sadiya akasema tutaenda pamoja, yeye, Zuhurah na mimi, na kwamba nisiseme neno. Mlipokuwa mnamlea, hamkumwambia kwamba baba mkwe haamrishwi? Tukafika. Duka lilikuwa na wateja. Akaiweka mashine juu ya meza na kusema kwa sauti ya darasani, "Kaka Pitia, tuwashie gemu hapa. Tutasubiri mpaka ianze. Hatuna haraka."

Pitia akatazama wateja. Wateja wakatazama Pitia. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameshika boksi la laptopu akaanza kulirudisha taratibu kwenye rafu. Pitia akafungua droo akanirudishia pesa zangu zote bila kuulizwa, akasema, "Dada, sisi hatuna ugomvi. Mimi pia waliniuzia hivyo." Nikanyimwa hata ule ugomvi mdogo niliokuwa nimeutayarisha njiani.

La sita ndilo kubwa. Baada ya hapo Khemis alisikia habari za Tongun, mfanyabiashara wa kutoka Sudan Kusini ambaye yuko hapa Koboko na anauza mashine yake kwa sababu anarudi Juba, na mke wake amemwambia achague kati ya mzigo ule na magodoro. Sadiya akaja na Zuhurah kuitazama. Mkwe wangu, sijawahi kuona kitu kibaya namna ile. Ni nyeusi, ni nene, imekwaruzwa. Bawaba moja imefungwa kwa waya. Chaja yake ina uzito wa tofali. Betri inakata kabla chai haijachemka.

Binti yako akakaa chini kwenye mkeka akaichezesha asubuhi nzima. Akaweka kiganja pembeni ya feni, akakiacha hapo, kama mama anayempima mtoto homa. Akaisikiliza. Akaigeuza, akanusa mahali hewa moto inapotokea. Akamuuliza Tongun kama iliwahi kumwagikiwa na maji, na Tongun alipokuwa anajibu, Sadiya hakutazama mashine, alimtazama yeye usoni. Nilishtuka kidogo, nakiri. Hivyo ndivyo ninavyonunua ng'ombe.

"Kuanguka ilianguka mara moja," Tongun akasema. "Maji, hapana. Naapa kwa Mungu."

"Hii ndiyo," akasema Sadiya.

Nikamwambia kwamba mahari hubebwa mbele ya wageni. Nikamwambia dada zangu watadhani tumeleta kipuri cha trekta. Hatimaye nikamuuliza, mbele ya Zuhurah, lile swali ambalo sote tulikuwa tumelimeza tangu siku ya posa: kwa nini gemu, na wewe ni mwalimu?

Akafikiri. Akasema, "Baba, mchana kutwa ninafundisha. Jioni nitapika. Mahari ndiyo kitu pekee nitakachopewa na mtu asiniulize kina faida gani. Nataka nicheze na mume wangu, tucheke, kisha tulale."

Nilitafuta jibu mpaka tukafika nyumbani. Bado nalitafuta, na hili naliweka pia katika malalamiko, kwa sababu mimi si mtu wa kukosa jibu.

La saba ni fupi. Mwanangu ana furaha. Wanacheza kwa simu, yeye huku Koboko na Sadiya huko Arua, na anafungwa. Juzi alifungwa mabao sita kwa moja na akaja mezani akaomba aongezewe ugali. Nilimuuliza kama haoni aibu. Akasema, "Baba, hilo moja nililofunga ungeliona." Hawah akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya leso. Nyumba yangu sasa haina mtu wa upande wangu.

Kwa hiyo, Mzee Shafiki, kwa kuwa mashine ya Tongun nimekwishainunua na iko hapa chini ya kitambaa cha Hawah, ikinguruma kama kinu kila Khemis akiijaribu, nakuomba kwa unyenyekevu mambo haya. Kwanza, mahari ibadilishwe iwe ng'ombe wawili, mmoja mwenye mimba, na mimi nitaona pa kuipeleka hiyo mashine. Pili, wazee wa Arua na wazee wa Koboko wakae wapitishe kwamba hakuna msichana anayeruhusiwa kutaja mahari inayohitaji kuchajiwa. Tatu, ikiwa hayo mawili yatashindikana, basi Sadiya asimame mbele ya wageni siku ya ndoa atamke kwa sauti kwamba ni ya masomo. Nami nitaitikia amina kabla hajamaliza. Nisipopata jibu la kuridhisha, nitalazimika kusogeza mbele siku ya ndoa, ingawa mpunga tayari umenunuliwa na Hawah hajaambiwa kuhusu sentensi hii.

Nisalimie wote. Msalimie Zuhurah, ambaye miguu yake imechoka kwa kuingia na kutoka chumba cha ndani kwa ajili yetu. Msalimie sheikh, na umwambie elimu yake ni kubwa mno kwa mikutano midogo. Msalimie mama watoto na majirani wa pande zote. Ukipita dukani kwa Pitia, msalimie pia. Soda yake ilikuwa baridi.

Ni mimi, katika heshima na usingizi mchache,

Tahiru,
baba yake Khemis.

N.B. Barua hii nilikuwa sijaipeleka stendi walipofika wageni leo asubuhi kutoka Arua Hill, watu wa ofisi, wamevaa suti, kumposa binti yangu mdogo Mariam Poni. Hawah akaingia ndani kumuuliza anataka nini. Akatoka akasema laptopu ya gemu, mpya, na yenye dhamana.

Mzee wao mmoja akatabasamu, akauliza kama ni ya masomo. Mkwe wangu, sijui nini kilinipata. Nilisimama. Nilimwambia, kwa adabu, kwamba katika nyumba hii bibi harusi haulizwi mahari yake ina faida gani. Nilimwambia kuna watu huko mjini wanabandika joka juu ya mali ya ofisi, na kwamba tutakachopokea tutakiwasha hapa hapa mbele ya kila mtu. Wametoka wakiahidi kuileta. Mmoja alikuwa anaandika kwenye simu yake.

Basi yale niliyoyaomba hapo juu yasahau, na hasa usiwaambie wazee. Ndoa iko palepale. Ila wageni wangu wanarudi Alhamisi, na mimi bado sijui kuipima mashine mpya. Mwambie mwanangu Sadiya aje mapema. Nitamtumia nauli, na chai itakuwa tayari.