Yai la Plasta

Jumatatu, 3 Juni
Daktari anasema moyo wangu umechoka. Basi niungame: yai lile ni la plasta, si la kuku! Miaka kumi na tisa iliyopita niliukabidhi mkono wa roboti yai hilo mbele ya ukumbi mzima. Nikatangaza kuwa akili haimo kichwani tu, imo vidoleni. Mkono umejifunza kwa kugusa. Makofi! Asubuhi ile ulikuwa umeshapasua mayai thelathini na moja.

Leo Mwanafunzi wangu wa zamani, sasa mkuu wa maabara, kapiga simu. Jumamosi wananienzi. Yai litatolewa kwenye sanduku la kioo lilimohifadhiwa, lipimwe uzito. La kweli lingeshakauka, jepesi kama unyoya. Langu ni jiwe. Nimekwisha!

Jumatano, 5 Juni
Mpango: kulibadilisha. Nilimwomba mke wangu atoboe yai na kulipuliza libaki ganda. Kwa ajili ya utafiti, nikamwambia. Akajibu kwamba hata uongo una umri wa kustaafu. Nikalitia mfukoni, nikapanda teksi. Nikalikalia. Mtaalamu wa mguso, na sikuhisi kitu!

Alhamisi, 6 Juni
Ganda la pili, ndani ya kofia. Nilifika maabara. Nikafungua sanduku. Yai la plasta likaniponyoka, likadunda, likamega kigae cha sakafu. Lenyewe zima!

Mwanafunzi alikuwa mlangoni. Shikamoo Mwalimu, akasema. Akanionyesha kigae kingine chenye pengo: naye aliliangusha, mwaka wake wa kwanza. Miaka yote hiyo alijua! Akanionyesha mkono wangu wa roboti, sasa una ngozi ya mpira. Ukanyanyua yai la kweli, taratibu, kama mama anayempokea mtoto. Umevunja mayai miaka tisa hadi vidole vikajua vyenyewe. Akasema nilichotangaza kilikuwa kweli, ila yai.

Ana ombi moja. Niseme mwenyewe Jumamosi. Kila mwaka vijana wanarudia jaribio langu kama nilivyoliandika, wanashindwa, wanajiona wajinga. Wawili wameacha masomo.

Sikulala mchana. Nimeandika hotuba ya kuungama. Kurasa nne.

Jumamosi, 8 Juni
Yai la plasta halikuletwa, Mwanafunzi kanisitiri. Mkono ulishika yai bichi. Ukumbi ukasimama. Nikapewa kipaza sauti. Kurasa nne mfukoni, moyo ukipiga kama ngoma mbovu. Nikafungua kinywa. Nikasikia sauti yangu ikisema: “Kama nilivyotabiri.”

Makofi! Mwanafunzi alitazama sakafu.

Jumapili, 9 Juni
Sikupata usingizi. Nitaungama gazetini, naapa. Mwandishi anakuja kesho. Anataka picha kwanza: nimeshika yai kiganjani. Nimejaribu jikoni. Matano yameanguka. Mke wangu anapiga deki na kunihesabia.

Nimempigia Mwanafunzi. Nimemwomba aniazime lile la plasta. Kwa picha tu.