Projesteroni ya Mafuta ya Samaki

Ahueni hakuwahi kusomea udaktari, ila alijua sana kukaa kwenye mabenchi ya hospitali. Asubuhi ile alikaa nje ya kliniki ya uzazi, akijifanya anamsubiri mke ambaye hakuwa naye, akasikia wanawake wakilalamika kwamba vidonge vya projesteroni vimeadimika mjini.

"Daktari kasema ndivyo vinavyosaidia mimba ishike," mmoja alisema. "Sasa yangu itashikwa na nini? Na dua peke yake?"

Ahueni hakujua projesteroni ni mnyama gani. Alijua maana ya kuadimika, na katika taaluma yake hiyo ilitosha kuwa shahada.

Akanunua vidonge vya mafuta ya samaki, vile laini vya manjano, akavifunga kwenye maboksi aliyochapiwa jina la projesteroni na fundi asiye na maswali. Wanawake wa benchi hakuwauzia. Hata tapeli ana mpaka, na wa Ahueni ulikuwa huu: hamdanganyi mtu anayelia mbele yake. Alijisifu sana kwa huruma hiyo, kana kwamba samaki akipitia dukani kwanza hugeuka dawa. Basi akamtafuta mtu asiyelia, akampata mwenye duka la simu.

"Mke wangu kajifungua mapacha," alimwambia, machozi yakimlengalenga. "Hizi dawa zake za mimba zimebaki. Kila nikiziona nakumbuka tabu tulizopitia."

"Pole, ndugu yangu. Zinatumikaje?"

"Kumeza tu, na maziwa ya uvuguvugu."

Mwenye duka alichukua mfuko mzima bila kufungua hata boksi moja, akiogopa muuzaji asije akazinduka. Mroho hakagui mali, huikumbatia.

Kesho yake Ahueni akaenda kumjulia hali mdogo wake wa kike, tikiti maji kwapani na tabasamu usoni. Mdogo wake huyo alikuwa na mimba changa ya kupandikizwa. Mbili za kabla yake zilitoka. Ile ya pili ilipotoka, Ahueni alikaa naye kwenye korido ya hospitali mpaka wafagiaji wakaja, na yeye, ambaye maneno ndiyo shamba lake, hakupata hata moja la kumpa.

"Kaka, shemeji yako leo kanifurahisha!" mdogo wake alisema, akiinua mfuko. "Kapata dawa kwa bei poa pale duka la simu. Kazoa zote."

Ahueni aliutambua ule mfuko kama mtu anavyozitambua kandambili zake mlangoni.

"Usizitumie!"

"Kwa nini?"

"Matapeli wamejaa, mdogo wangu. Watu hawana haya! Wanakutilia hata mafuta ya samaki!"

Mdogo wake akalitazama boksi, kisha akamtazama kaka yake. Uso wake ulitulia kama maji ya mtungi.

"Basi sina nyingine. Na jioni lazima niweke."

"Uweke wapi?"

Akamwambia wapi. Ahueni akalichunguza feni la dari kwa makini makubwa.

"Kwani... si za kumeza?"

"Mimi daktari kaniandikia za kuweka. Chukua cheti changu, kaka, kimbia. Nikimpoteza na huyu, sijui."

Akakimbia. Duka la dawa la kwanza hawana, la pili hawana. La tatu, ng'ambo ya mji, wanazo, kwa bei ya kuota mvi.

"Nitajuaje kama ni za kweli?" alimuuliza mfamasia, akiligeuza boksi juu chini.

"Mzee, sisi si matapeli."

"Ndivyo wanavyosema wote!" Ahueni alifoka, na alijua anachokisema. Chote alichopewa na mwenye duka la simu kikaishia pale, pamoja na akiba yake.

Aliporudi anahema, mdogo wake alizipokea, akavuta droo. Ndani mlikuwa na dawa halisi, zimepangwa safu kwa safu.

"Kumbe unazo!"

"Tangu siku niliyopandikizwa. Nimepoteza wawili, kaka. Mimi ni wa kusubiri dawa iishe?"

"Sasa mbona umenikimbiza?"

"Boksi lilikuwa halijafunguliwa. Harufu ya samaki uliisikia kwa pua gani?"

Ahueni akaligeukia tena feni la dari.

"Hizi ulizoleta nampelekea muuguzi wa kliniki," mdogo wake alisema, akizitia kwenye mkoba. "Wapo wenzangu wenye vyeti waliozikosa. Na samaki wako utaondoka naye."

Ahueni alibaki ameinamia mfuko wake. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Lakini... yupo?"

"Yupo. Jana nimeonyeshwa moyo wake kwenye kioo cha mashine. Unadunda, kaka."

Ahueni akajifuta uso kwa ukosi wa shati. "Jasho hili. Jua la leo kali."

"Kali kweli," alisema mdogo wake, mkono tumboni. "Mtoto huyu ana akili. Hata hajazaliwa, ameshamtapeli mjomba wake."