Nafasi ya Seif Kikosini

Jumatatu, 4 Agosti

Nimempigia Fauzia. Shikamoo baba. Marahaba mwanangu. Shule? Nzuri. Mama? Mzima. Haya baba. Kwisha! Bando lenyewe halijashtuka. Nilimwacha Tanga akiwa kibogoyo wa meno ya mbele. Sasa ana miaka kumi na sita na ananijibu kama karani wa ubalozi.

Baadaye mama yake, Tabia (mtalaka wangu, mwanamke wa haki), akanipasha. Mtoto si bubu hata kidogo. Kila jioni anacheza gemu la vita kwenye simu, wanne kikosi kimoja, wanasikilizana masikioni, na huko anacheka mpaka kuku wa jirani wanahama. Mmoja wa hao wanne ni nani? Seif! Mume wa Tabia. Muuza magodoro. Mtu anayekimbia fataki za harusini! Yeye ndiye anayefaidi kicheko cha mwanangu.

Ila Mungu si wa Seif peke yake. Ijumaa ni Nane Nane, kikosi kina fainali na vijana wa Chumbageni, na Seif anakwenda maonyesho Morogoro. Nikamwandikia Fauzia papo hapo: nichukueni mimi. Baba yako ni mlinzi Johannesburg, bunduki anazijua. Akajibu: kweli, baba? Basi njoo.

(Nalinda lango la jengo la ofisi hapa Marshalltown. Silaha yangu ni tochi.)

Jumanne, 5 Agosti

Nimemtafuta Damien, Mkongo wa Bukavu, msindikizaji wa magari ya fedha. Huyo ana bastola ya kweli kiunoni. Nikamnunulia biriani Fordsburg anifunze. Akafundisha kwa paja la kuku. Huku mtutu, huku kifyatulio. “Vieux,” ndivyo anavyoniita, yaani mzee, “kidole ikae inje! Inje kabisa!” Baba wa meza ya jirani akahamisha wanawe.

Somo kubwa: makabidhiano. Mlinzi hampi mwenzake bunduki yenye risasi. Unaelekeza mtutu kwenye pipa la mchanga, unatoa risasi zote, unaonyesha kuwa ni tupu, ndipo unakabidhi. Nikauliza, na anayesahau? Damien akasema kuna mmoja alisahau, leo kiatu chake kina dirisha. Kisha akala ile bastola.

Nikarudia somo njia nzima. Pale kwenye robot (taa za barabarani, kwa lugha ya huku) ya Main Street nilikuwa nakabidhi mwavuli.

Jumatano, 6 Agosti

Mazoezi ya kwanza. Gemu hili ni uongo mtupu! Binti wa sketi amebeba bunduki mbili ndefu na anaparamia ukuta. Risasi za maiti yeyote zinaingia kwenye bunduki yoyote. Nimewaeleza kwamba hilo haliwezekani, bunduki ingempasukia mtu usoni. Wakati naeleza nikauawa. Nilikuwa nimeweka kidole inje, inje kabisa.

Naseeb, kiongozi wa kikosi, akauliza huyu mzee ni wa wapi. Fauzia akasema, “Ni baba yangu.” Nikasema mtandao unakatika, hebu rudia. Akarudia. Nikasema bado sijasikia.

Halafu akacheka. Kicheko kile kile cha ukibogoyo! Miaka yote hii kwenye simu sijawahi kukisikia. Nimelala na spika masikioni, ingawa gemu limeshazimwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Eish, baridi. Baada ya swala nikajibanza ngazini, pale mtandao wa mawakili wa ghorofa ya juu unapofika.

Tulipigana vizuri! Yaani, walipigana. Mwisho tukabaki mimi na Fauzia, na adui mmoja nyuma ya ukuta. Yeye kaishiwa risasi. Mimi nimejaa, maana sikuwa nimepiga hata moja. Akasema, “Baba, nipe bunduki yako! Haraka!”

Mwanangu ameniomba kitu. Angeomba ini ningempa. Lakini mikono ikamkumbuka Damien. Tulikuwa ufukweni, mchanga tele. Mtutu mchangani. Risasi zote nje. Gemu lina kitufe chake, na ndicho pekee nilichokibonyeza bila kukosea. Nikamkabidhi kwa heshima zote, nikasimama wima.

Fauzia akaruka ukuta, akalenga. Ka!

Ka! Ka!

Adui naye nadhani alishangaa kwanza, ndipo akatumaliza.

Naseeb akasema, “Mzee, umempa bomba la maji!” Nikaanza kueleza taratibu za makabidhiano. Nilipomaliza, masikioni hapakuwa na mtu.

Jumamosi, 9 Agosti

Ujumbe wa sauti kutoka kwa Fauzia. Naseeb amenitoa. Seif anarudi kesho na nafasi yake ni yake. Kisha akaongeza kwamba mama kamwambia habari ya tochi, na kwamba hajakasirika. Si lazima gemu, baba. Piga simu tu, ila usiniulize shule. Nieleze huko unaishije, unakula nini, nani anakuchekesha. Au nitapiga mimi kesho jioni.

Nimeusikiliza mpaka chaji ikaisha.

Jumapili, 10 Agosti

Nimefikiri usiku kucha, nimeona tatizo: elimu yangu ni ndogo. Najua makabidhiano tu. Sijui bunduki inavyomrusha mtu bega, sijui upepo unavyopotosha risasi. Seif anajua? Hajui! Hapo ndipo nitakapompita. Naseeb mwenyewe atanipigia magoti.

Jioni Damien akaniletea video za mkufunzi wake, tukazifungua kwenye simu yangu. Tulipofika penye upepo, Fauzia akapiga. Nikakata. Akapiga tena. Nikakata tena. Damien akaniuliza, vieux, si ni mutoto yako huyo? Nikamwambia aendelee, sehemu hii ni muhimu.

Mara ya tatu nikamwandikia: mwanangu, baba yuko mafunzoni, nitakutafuta.

Hana subira huyu mtoto. Angejua ninasoma kwa ajili ya nani!