Bodi Yenye Jina Kubwa na Tangi la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe amekubali! Nikimtengenezea king'ora cha kulia tangi la maji likijaa, stoo ya uani inakuwa karakana yangu. Mwisho Jumapili. Nikishindwa anapewa shemeji, kaka wa mke wangu, afugie sungura. Shemeji alicheka hadi akashika mbavu. Acheke tu. Kidude nimeshanunua: bodi ndogo kama kiberiti, unaichomeka kwenye kompyuta, unaiwekea programu, inakutii. Mwenye duka alisisitiza kwamba kwenye kompyuta nichague aina ya bodi inayolingana na yangu. Nikamjibu kwamba hilo najua. Sikujua, ila uso haukuonyesha.

Jumanne, 4 Machi

Nimefungua orodha ya bodi. Majina zaidi ya hamsini! Moja fupi, la kinyonge, limejibanza katikati. Nikalipita. Nikachagua refu kuliko yote, lenye namba nyingi na herufi za kujigamba mwishoni. Shuleni tulinunuliwa viatu vikubwa, na miguu ikafuata. Kompyuta ikajaa maneno mekundu. Sikuyasoma. Mtu akikufokea, humsikilizi neno kwa neno. Kosa ni la waya, bila shaka. Nimeazima wa mama mkwe.

Jumatano, 5 Machi

Wekundu uleule. Waya wa mama mkwe mbovu. Nimeazima wa kinyozi, wa jirani wa juu, na wa shemeji (bila kumwambia). Zote mbovu! Sijui watu wa mtaa huu wanaishije. Shemeji amekuja kupima stoo, akatangaza kwamba vizimba vinne vitaenea. Nilimtakia kila la heri. Moyoni nilimwombea sungura wenye meno makali.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika ukweli, maana hakuna anayesoma: nina hofu. Nakitaka kile chumba. Miaka sita vifaa vyangu vinakaa kwenye ndoo chini ya kitanda. Nikitafuta bisibisi naibuka na soksi. Mama mkwe aliuliza mambo yanaendaje. Nikasema yako ukingoni. Hakuuliza ukingo wa nini. Mama mwenye busara.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu anauza dawa. Hapokei kitu mkononi bila kusoma lebo, hata pakiti ya chumvi. Aliiokota bodi mezani, akaisogeza dirishani, akasoma maandishi madogo yaliyochapwa kwenye bati lake. Kisha akauliza kwenye kompyuta nimechagua nini. Nikamtajia lile jina refu, kwa fahari. Akasema mbona hapa pameandikwa lingine. Nikamweleza kwamba mambo haya ni ya kina sana. Akabonyeza lile jina fupi, akaenda kuanika nguo.

Nikaiwekea programu upya, nikaijaribu, king'ora kikalia! Niliruka nikagonga kichwa kwenye rafu. Waziwazi, waya wa shemeji ulikuwa umechelewa tu kupata moto.

Jumapili, 9 Machi

Familia nzima uani. Maji yakajaa, king'ora kikalia, mama mkwe akapiga vigelegele na kuniita mwanangu. Ufunguo wa stoo mfukoni mwangu! Shemeji alinipa mkono kiungwana, nikamrudishia waya wake. Mke wangu alitabasamu tu. Nimehamisha ndoo. Nina furaha isiyo na kifani.

Jumatatu, 10 Machi

Mke wangu ameenda kazini, mama mkwe yuko sokoni. Nimekaa na kutafakari. Mashine inayolinda nyumba nzima, ibaki na jina la kinyonge vile? Nimefungua orodha na kuchagua jirani yake, jina la heshima zaidi. Imekubali! Hakuna neno jekundu hata moja. Nilisema mimi, tatizo lilikuwa waya.

Nimefungulia maji tangini, sasa naandika karakanani, kwenye meza yangu mwenyewe. Saa nzima imepita na king'ora kimetulia. Hiyo ndiyo tofauti ya bodi yenye hadhi, haipayuki ovyo. Amani tupu.

Maji yanaingia chini ya mlango. Yamefika kifundoni. Nje jua linawaka. Mama mkwe akirudi nitamwambia, kwa upole, kwamba paa la stoo yake linavuja.