Arkimedi Avaa Kikoi

Jumatatu, 5 Februari 1968

Mkutano wa walimu. Direkta wetu, mkuu wa shule Bwana Astère, katangaza mambo mawili. La kwanza: wiki ijayo inspekta wa wizara atakuja kusikiliza masomo ya hesabu na sayansi. La pili: nafasi ya perefe wa masomo, msimamizi wa walimu na ratiba, iko wazi, na atakayempendeza inspekta ndiye atakayeipata. Pamoja na nyumba ya shule. Nyumba yenye bomba ndani!

Geneviève, mke wangu, anapanga foleni kwenye bomba la mtaa hapa Jabe kila asubuhi tangu tulipotoka Bukavu. Hajawahi kulalamika. Anapotua ndoo anapumua tu kwa nguvu, nami nasikia.

Washindani ni wawili: mi, Murhula wa darasa A, na Anselme wa darasa B. Anselme ni kijana, mpole, ana suruali moja ya kijivu.

Direkta kasema wizara imechoka na watoto wanaokariri fomula kama kasuku. Inataka sayansi ifundishwe pamoja na historia yake na falsafa yake: nani aligundua, alikuwa akitafuta nini, na tunajuaje kuwa ni kweli. Anselme akakuna kichwa. Mi nikatabasamu. Historia haihitaji vyombo! Muhula uliopita jiwe la mizani yangu lilianguka kwenye mguu wa direkta. Historia haimwangukii mtu mguuni.

Jumanne, 6 Februari

Ushindi. Nimesimulia habari za Arkimedi. Mfalme anashuku kwamba sonara kachanganya fedha kwenye taji la dhahabu. Arkimedi anaingia kuoga, maji yanamwagika, akili inafunguka, anatoka mbio barabarani uchi akipiga kelele kwamba amepata. Darasa zima likacheka mpaka mwalimu wa Kifaransa akagonga ukuta.

Sijaandika fomula hata moja. Sikuzani, msichana wa benchi la mbele anayesinzia kwenye somo langu tangu Septemba, leo macho wazi kama taa. Kazi nyepesi namna hii, mbona hawakutuambia zamani?

Alhamisi, 8 Februari

Mambo yameharibika kidogo. Mzee Mohamadi, baba yake Sikuzani, muuza vitambaa wa sokoni, alikuja ofisini. Kofia safi, salamu ndefu. Kaniuliza habari za nyumbani, za Bukavu, za kifua cha mama yangu. Halafu akaeleza kwamba mtoto wake kasimulia wakati wa chakula, mbele ya wageni, kuwa kusoma sayansi ni kukimbia uchi.

“Mwalimu,” akasema taratibu, “mi nalipa shule mutoto avae. Haiko avue.”

Direkta akaniangalia juu ya miwani. Nikafikiria haraka. Nikamhakikishia mzee kwamba kulitokea kosa la tafsiri, na kwamba kuanzia leo Arkimedi amevaa kikoi. Mzee kafurahi. Kasema kama huyo Mgiriki ana shida ya kikoi, dukani viko vingi, bei ya kuelewana.

Nimetangaza kikoi darasani. Hakuna aliyepinga. Historia ni kitu laini, unaikunja unavyotaka.

Ijumaa, 9 Februari

Anselme! Yule mpole!

Kasikia habari ya kikoi. Wakati wa mapumziko kawasimamisha wanafunzi WANGU uani na kuwauliza: kama Arkimedi aliingia na kikoi, maji yaliyomwagika yangekuwa sawasawa na akiingia bila nguo? Nguo inakunywa maji au inayasukuma? Nusu wakasema hivi, nusu vile. Kabla sijafika walikuwa wameleta beseni la jikoni, jiwe na kikoi cha duka la Mzee Mohamadi mwenyewe, alichokuja nacho Sikuzani. Ua mzima matope. Sikuzani kapiga magoti chini, mikono imelowa hadi kwenye viwiko, anagombana na wavulana.

Wakamuuliza Anselme jibu ni lipi. Akasema, “Sijui. Tuangalie.”

Mwalimu anasema hajui, mbele ya watoto! Hii itanisaidia. Nimemnong'oneza direkta kwamba Anselme siku hizi anafundisha kufua nguo.

Jumatatu, 12 Februari

Leo falsafa. Nimeandika ubaoni kwa herufi kubwa: FALSAFA NI KUULIZA. Nikawaambia wanakili kimya kimya.

Sikuzani akanyoosha mkono. Kauliza nani alimwona huyo Arkimedi akikimbia, na tunajuaje haiko hadithi tu. Nikamwambia falsafa ya namna hiyo iko ukurasa wa pili. Hakukaa. Kauliza tena: kama taji la uongo na dhahabu safi zina uzito mmoja, juu ya nini moja imwage maji mengi kuliko nyingine?

Nikageukia ubao. Nimesimulia habari hii tangu wiki iliyopita na sijawahi kujiuliza. Nakiri hapa, ambapo hasomi mtu: kwa muda mfupi nilitamani kujua na mimi. Hata chaki niliishika. Kisha nikamkumbuka inspekta, nikamwambia msichana akae.

Mpango wa Jumatano, siku ya inspekta, umekamilika. Kila benchi na watu wake. La kwanza Wagiriki. La pili Wahindi na sifuri yao. La tatu Waarabu na aljebra. La nne Galileo peke yake, maana ana tarehe nyingi. Wamekariri vizuri sana. Sikuzani nimempa kazi maalumu: kufunga mikono na kutabasamu.

Jioni nilimfanyia Geneviève majaribio ya somo wakati anachambua maharage. Kasikiliza mpaka mwisho. Halafu kauliza lile lile, mambo ya uzito na maji. Nimemjibu haliko kwenye programu. Akasema, “Sasa we unawafundisha nini?” Mke wangu hakusoma ualimu.

Jumatano, 14 Februari

Naandika kabla sijavua viatu.

Inspekta kaketi nyuma, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Mwanzo ulikuwa mzuri kupita kiasi. Wagiriki wakaimba, Wahindi wakafuata, Waarabu hawakukosea hata neno. Nikaanza kuona bomba ndani ya nyumba, Geneviève anafungua, maji yanatoka.

Inspekta akasimama. Akauliza benchi la nne, kwa upole, Galileo alijuaje kwamba dunia inazunguka.

“1564,” wakajibu kwa pamoja.

Akauliza tena, polepole.

“1642!”

Mkono wa Sikuzani ukapanda. Nikaangalia dari. Nikaangalia dirisha. Mkono haukushuka. Inspekta akampa ruhusa, naye kauliza swali lake lile la taji. Inspekta uso ukang'aa. Akanigeukia, akasema ni swali zuri sana, Bwana Murhula analijibu namna gani?

Nikasema swali hilo liko nje ya muda.

Basi akamgeukia mtoto. We unafikiri nini?

“Mi nilijaribu nyumbani,” Sikuzani akasema. “Kilo moja ya misumari, kilo moja ya mawe. Uzito sawa. Lakini mawe ni fungu kubwa, misumari fungu kidogo. Mawe ilimwaga maji mingi. Njo vile taji: fedha ni nyepesi, lazima utie nyingi ifike uzito wa dhahabu, na hiyo nyingi inataka nafasi. Maji haiangalie uzito, inaangalia nafasi.”

Darasa likapiga makofi. Hata Waarabu. Mi nami nikapiga mara moja, kisha nikaficha mikono nyuma.

Inspekta kamuuliza nani kamfundisha hayo. Akasema, “Mwalimu Murhula alitupa hadithi. Mwalimu Anselme alitupa beseni.”

Nikaona hatari. Nikamwambia inspekta kwa sauti ya kusikika kwamba msichana huyu kaacha mpango wa somo bila idhini yangu na ataadhibiwa. Inspekta kafunga kalamu.

Ijumaa, 16 Februari

Anselme ndiye perefe.

Direkta kanieleza kwa heshima, mlango umefungwa. Inspekta kasema darasa A lina watoto hai kuliko wote aliowaona mjini. Nikashukuru. Direkta akaongeza kwamba inspekta kashangaa wamekuwaje hai, na mimi nipo. Pia Sikuzani haadhibiwi.

Nyumbani nilisema mara moja, nikiwa bado mlangoni. Geneviève alikuwa anatua ndoo. Akanipa kiti, akakaanga ndagala, dagaa wa ziwani, akanipakulia mimi kwanza. Ningependa angepiga kelele.

Saa kumi na mbili Anselme kaja mwenyewe, suruali ya kijivu, anaona haya kama mchumba. Kasema nyumba ya shule haiko mbali, yeye anaishi peke yake, Mama Geneviève aje achote maji kila siku kama kwake. Nilikuwa natafuta maneno ya kukataa yenye hadhi. Geneviève kasema asante kaka, tutakuja kesho. Wakacheka wote wawili.

Jumanne, 20 Februari

Direkta kaniamuru nikae nyuma ya darasa B wiki nzima, nimwangalie Anselme anavyofundisha, nijifunze. Mimi! Nimekubali. Adui unamjua ukikaa karibu naye.

Leo walikuwa kwenye sifuri. Anselme kauliza watu waliishije bila sifuri, waliandikaje mia na tano. Watoto wakabishana. Mmoja akasema sifuri si namba kwa sababu huwezi kula ndizi sifuri. Mwingine akajibu yeye kala ndizi sifuri jana, na njaa aliisikia. Anselme naye akachanganyikiwa, akasema hajui, wafikiri pamoja. Saa nzima hakuna aliyenakili kitu. Kengele ilipolia hawakutoka. Wamekaa wanabishana tu! Vurugu ya kusikitisha.

Lakini mi sikupoteza wakati. Walipoenda hatimaye, nilikwenda mbele nikauchunguza ubao kwa makini, na siri yake nimeiona. Chaki ya rangi! Ana nyekundu, ana bluu, ana ya manjano. Mi siku zote nyeupe. Ndiyo sababu inspekta kampenda.

Nimepitia sokoni nikanunua boksi zima. Geneviève kauliza kama nimejifunza kitu huko nyuma ya darasa. Nikamwambia sana. Kesho asubuhi Wagiriki watakuwa wekundu, Wahindi bluu, na benchi la nne watakariri tarehe za Galileo kwa manjano.