Jino la Kuzaliwa Nalo

Leo nimeumbuka. Sogeeni hapa kwenye benchi niwaambie mwenyewe, maana kesho mtaisikia kutoka kwa wakwe zangu Kirumba, na wale wataongeza chumvi.

Mnajua nimeposa binti wa mzee Masanja. Na mnajua nilivyokuwa natamba: "Mama mkwe ananiheshimu mno. Nikimsalimia anageuza uso." Kwetu Wasukuma mama mkwe hatazamani na mkwewe, nikajiona nimeshakubaliwa. (Mjinga ni mimi, msitafute mwingine.)

Juzi mshenga wangu akanivuta pembeni. "Bwana, ile si heshima. Ni mdomo wako, unanuka."

Nilikasirika. Mimi ninayepiga mswaki wa mwarobaini kila asubuhi! Ila fizi ya jino moja la mbele ilikuwa inatoa usaha, na hilo sikuwahi kumwambia mtu. Leo asubuhi nikaacha cherehani na bendera za uhuru nilizokuwa nashona, nikaenda hospitali.

Daktari wa meno akaingiza kioo kidogo, akachokoa nyuma ya jino. Nikaona nyota mchana.

"Jino hili limeota na mfereji kwa nyuma, unashuka mpaka kwenye mzizi," akasema. "Uchafu unaingia humo, mswaki haufiki, fizi inaoza ndani. Si kosa lako. Umezaliwa nalo."

Akaling'oa, akasafisha fizi.

Si kosa langu! Mtu mwenye akili angekwenda kulala. Mimi nikaenda moja kwa moja Kirumba, pengo mbele, pamba mdomoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akageukia ukuta.

Nikamweleza yote. "Haukuwa uchafu, mama. Ni jino. Nimezaliwa nalo."

Hapo akanigeukia, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Umezaliwa nalo?"

"Ndiyo, mama."

"Sisi tulidhani ni uchafu tu. Uchafu unaoshwa, ndiyo maana tukamtuma mshenga akuambie. Mzee wangu alishakubali umwoe binti yetu." Akalitazama pengo langu. "Kumbe ni la ukoo. Wajukuu wangu nao wazaliwe hivyo?"

Nikaanza kueleza tena. Hakuna aliyesikiliza. Mshenga ameshaitwa akarudishiwe posa yetu, na nimeumia kuliko nilivyoumizwa na lile koleo la daktari.

Haya, chekeni, lakini kwa zamu. Na ukitibiwa ukapona, ndugu yangu, nenda nyumbani unyamaze.