Bei ya Haki ya Gari la Shemeji

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimepata cheo. Mthamini wa magari! Nimejipa mwenyewe, lakini cheo ni cheo.

Mambo yako hivi. Mama mkwe wa dada anahamia kwetu Jumapili na atachukua chumba changu. Dada kasema mimi nihamie bandani. Sawa. Tatizo, bandani linaishi gari la spoti la shemeji, na gari hilo halijawahi kumpisha mtu. Dada kakata maneno: mpaka Jumapili gari liwe limeuzwa, ama niende kwa baba mdogo, kwenye mashine yake ya kusaga, inayoanza kunguruma kabla hata jogoo hajafumbua jicho.

Basi ni mimi na gari. Mmoja wetu ataondoka. Si mimi!

Shemeji kakubali kuuza, ila kwa "bei ya haki". Kaipata hivi: kachukua bei aliyonunulia, kajumlisha turbo, bawa la nyuma, rimu pana, ekzosi inayopiga mizinga, taa za zambarau chini ya tumbo la gari, na spika zinazotikisa vyombo vya jirani. Halafu kajumlisha mapenzi. Jumla ikapita bei ya gari jipya! Nikamwambia hesabu hiyo inachechemea, hata mimi niliyetoroka shule naiona. Akaniuliza nimewahi kumiliki nini chenye magurudumu. Toroli sikulitaja.

Jumanne, 4 Juni

Nimepima banda kwa godoro langu. Gari likitoka, godoro linaenea vizuri.

Kona ya nyuma kulikuwa na lundo. Springi, ekzosi ya kizee, viti viwili vya kitambaa, rimu nyembamba kama za gari la mwalimu mkuu. Takataka! Nikamwita mnunuzi wa vyuma chakavu akipita na mkokoteni wake. Kabeba vyote. Malipo yangu: feni iliyokuwa inaning'inia mkokotenini. Inazunguka vizuri ukiisukuma kwanza kwa kidole.

Yeye lundo, mimi upepo. Nani mjanja hapo?

Jumatano, 5 Juni

Kwa fundi, yule yule aliyelifunga gari madude yote. Shemeji kaendesha. Mimi nilitembea mbele kuangalia matuta, maana gari limeshushwa mpaka linasoma mchanga. Tulifika tukiwa na umati.

Nilidhani fundi atajumlisha. Katoa! Turbo, katoa: injini imechoka kama mtu aliyekimbizwa ujana wake wote. Bawa, katoa: buti limejaa matundu. Taa, katoa: nyaya kama tambi zilizomwagika. Shemeji kamuuliza si wewe uliyeniapia kwamba vitaongeza thamani? Fundi akajibu, bila aibu, kwamba viliongeza sana, thamani ya gereji.

Kisha akatufundisha. Anayenunua gari kama hili anataka na njia ya kulirudisha lilivyozaliwa. Vile vifaa vya kiwandani vilivyofunguliwa vikiwepo vyote, bei inakuwa ya heshima, kama ya gari la kawaida la umri wake, pungufu kidogo. Visipokuwepo, kata nusu. Shemeji katoa kifua mbele. Kasema vipo vyote, amevitunza mwenyewe. Kona ya nyuma, bandani.

Tumerudi nyumbani, feni sijaiwasha. Kidole kimekataa kuisukuma.

Ijumaa, 7 Juni

Fundi katuletea mnunuzi. Mama mmoja wa miwani mikubwa, daktari wa meno. Kalizunguka gari akiligonga kwa ukucha. Kachungulia chini kwa kioo kidogo chenye mpini. Kaomba boneti ifunguliwe, ikafunguka, akaguna kama anavyowagunia wagonjwa wake.

Nikaona nimsaidie. Nikamsifia taa za zambarau. Kasema hizo zitang'olewa kwanza, na bila ganzi.

Katoa bei. Ile ile ya heshima ya fundi! Shemeji kalitazama gari, kamtazama dada aliyesimama mlangoni na ufagio, kakubali. Ndipo daktari akasema anataka aone vifaa vya kiwandani. Shemeji akaanza kuelekea bandani.

Nikamkatiza mbele kama golikipa! Nikasema nimevipeleka vikasafishwe, maana mteja wa hadhi hapokei viti vyenye vumbi. Daktari kasema kijana huyu ana akili, basi ataviona Jumapili asubuhi akija na pesa. Shemeji kanitazama kwa upendo mpaka nikaona haya. Sijawahi kupendwa kwa sababu mbaya namna hii.

Jumamosi, 8 Juni

Nimemfuata mnunuzi wa vyuma chakavu mpaka kwake. Springi na ekzosi bado ziko mkokotenini. Rimu ziko juu ya paa, zinazuia bati lisipeperuke. Viti viko sebuleni: kimoja kakalia mkewe, kingine mama yake. Wakanikaribisha nikae. Nikae wapi?

Nikamrudishia feni. Kacheka. Kasema feni ilikuwa bei ya Jumanne. Akaniuliza, kwa upole kabisa, hivi gari lenyewe linauzwa lini. Nami mthamini mzima nikajibu kesho asubuhi! Bei ikapanda pale pale.

Imekwenda feni, kitanda, godoro na viatu vyangu vya harusini. Mkewe kakataa kata kata kuinuka mpaka kitanda kifike. Nimekibeba kichwani mchana kweupe, watu wakinipa pole na kuuliza nani kaniacha.

Lakini vifaa ninavyo. Vyote! Nani mjanja hapo? Nimeshinda. Nadhani.

Jumapili, 9 Juni

Daktari kakagua vifaa, karidhika, kalipa. Gari limeondoka likikwangua kizingiti cha geti. Shemeji kalia. Mimi nimelipungia mkono kwa mikono miwili.

Mama mkwe kafika mchana. Kaingia chumba chake kipya, katoka, kauliza kwa adabu kama kwetu watu hulala wamesimama. Kumbe dada alikihesabia kile kitanda! Sasa mama mkwe analala kwenye kitanda cha dada na shemeji. Dada na shemeji wanalala kwenye mkeka. Mimi nalala kwenye sakafu ya banda, na banda ni langu peke yangu. Kesho dada anatutuma mimi na shemeji tukanunue vitanda viwili. Kasema vitanda, na akarudia: vitanda.

Jumatatu, 10 Juni

Siku tukufu!

Tukiwa njiani kuelekea kwa seremala tumeliona, chini ya turubai. Gari la spoti! Halina injini, lakini lina mabawa mawili, nyoka kachorwa ubavuni, na ekzosi nne. Muuzaji kataja bei. Shemeji kanigeukia mimi, mthamini wake. Nikajumlisha mabawa. Nikajumlisha nyoka. Ekzosi moja moja. Jumla ikawa mara tatu ya bei anayotaka! Nikamnong'oneza shemeji kwamba tukilipa pale pale, kwa pesa za vitanda, tumepata faida kabla hata ya kununua. Injini ni kitu kimoja tu, kitakuja chenyewe.

Limevutwa kwa kamba mpaka bandani. Limeenea vizuri, tena kuliko godoro.

Dada kachukua simu, kampigia baba mdogo, na baba mdogo kasema anakuja kunichukua alfajiri, yeye mwenyewe.

Aje. Ninaandika haya nikiwa ndani ya gari. Kiti ni cha mashindano, hakilali nyuma hata ukikibembeleza. Lakini kina mikanda minne na kifungo kimoja kilichokwama, kikifungwa hakifunguki. Nimejifunga yote.